Ukulele ya Baba ni ya dola ngapi?

Najua nimekuwa kimya. Zamu za usiku zimeniandama wiki 3 mfululizo, na nikirudi hapa Laurel asubuhi ninachokitaka ni kitanda tu. Leo nina mapumziko, chai iko mezani, na kuna neno limetoka Tanga ambalo lazima nilijibu, maana naambiwa limeshazunguka ukoo mzima.

Neno lenyewe ni hili. Mwezi uliopita nilimwambia Shangazi kwenye simu kwamba nimetenga dola 1,200 nimnunulie Baba ukulele. Shangazi akapiga hesabu hapohapo, akakuta ni karibu shilingi milioni 3. "Milioni tatu, kigitaa cha nyuzi nne?" Sikupata nafasi ya kujibu. Tangu siku hiyo wengine mmesema bora zingeenda kwenye ada za watoto, wengine mmesema paa la nyumba, na Kaka amesema Ulaya imeniharibu (hapa ni Marekani, Kaka, lakini nimekuelewa). Baba mwenyewe alisema tu, "Nunua kadogo, mwanangu, ka kujaribia."

Basi nikaona nisibishane kabla sijajua. Nimetumia siku zangu za mapumziko kusoma historia ya hiyo ala, nijue mtu analipia nini hasa anapotoa dola 1,000 kwa kitu kinachoweza kuingia kwenye kikapu cha sokoni. Nimejifunza mengi, na nimebadili mawazo, ila si kwa sababu alizozitoa Shangazi. Naomba mnivumilie nianze mbali kidogo.

Kwa nini ukulele hata hivyo? Wadogo hamkumbuki, lakini Baba alikuwa mpiga gitaa la rizimu katika kibendi cha mtaani Ngamiani, siku zile Tanga ilipokuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na kila kijana alitaka kushika gitaa. Nyumbani alikuwa na gitaa kavu. Alijifunza kwa kuwasikiliza watu kama Mwenda Jean Bosco wa Katanga, yule ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Bosco alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, na Baba naye hivyohivyo. Mkono huo wa kulia bado mzima. Ulioharibika ni wa kushoto, wa kubonyezea nyuzi. Baridi yabisi imemvimbisha maungio ya vidole, na ni miaka sasa gitaa liko juu ya kabati.

Kazini kwetu kuna mtaalamu wa tiba ya muziki anayekuja na ukulele kwa wagonjwa wanaofanyishwa mazoezi ya mikono. Nilimwomba niishike. Nyuzi ni laini, za nailoni, na hazivutwi sana. Gitaa la nyuzi 6 za chuma hubeba mvuto wa kama kilo 70 kwa jumla. Ukulele ndogo hubeba kama kilo 20 au chini ya hapo. Nilibonyeza nikasema moyoni, hiki hata kidole cha Baba kitaweza. Hapo ndipo safari ilipoanza.

Sasa historia. Ukulele watu wanaijua kama ala ya Hawaii, na ni kweli, lakini waliozitengeneza za kwanza walikuwa wahamiaji. Tarehe 23 Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu ikiwa na watu zaidi ya 400 kutoka kisiwa cha Madeira cha Wareno. Walikuwa wamekaa baharini miezi 4, kwa kuzunguka ncha ya kusini ya Amerika, na walikwenda kwa mkataba wa kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwa maseremala watatu: Manuel Nunes, José do Espírito Santo na Augusto Dias. Mkataba ulipokwisha wakahamia mjini, na kufikia katikati ya miaka ya 1880 kila mmoja alikuwa akitengeneza samani na ala za muziki Honolulu. (Hapa Laurel stesheni yetu ya treni, ile ya matofali, ilijengwa mwaka 1884. Nikiisubiri treni ya kwenda Baltimore huwa nawaza kwamba ni rika moja na karakana zile.)

Kwao Madeira walikuwa na kigitaa cha nyuzi 4 kiitwacho machete, au braguinha. Maseremala wale walikibadilisha mpangilio wa nyuzi, wakatumia mti wa Hawaii uitwao koa, wakapata ala mpya. Wahawaii wakaipa jina ukulele, ambalo kwa kawaida hufasiriwa "kiroboto anayeruka", kwa jinsi vidole vinavyorukaruka juu ya nyuzi. Malkia Liliʻuokalani yeye alipendelea kulifasiri kuwa "zawadi iliyokuja". Na mimi napenda hiyo ya Malkia.

Mnawajua Wareno. Kwetu pwani walijenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakapigana na kila mtu, wakaondoka, na tulichobaki nacho ni maneno: meza, leso, karata, gereza, bendera. Kigitaa chao hakikushika mizizi kwetu. Tulikuwa na gambusi iliyotoka Yemeni, na udi. Hawaii walikuja bila mizinga, watu maskini wenye mkataba na randa, na wao ndio walioacha muziki. Mimi niliyekuja huku kwa mkataba wa uuguzi jambo hili limenigusa, nisiwafiche.

Ala hiyo ingeweza kubaki ya vibarua wa miwa kama si Mfalme Kalākaua. Yeye aliipenda, akaiingiza ikulu, ikapigwa pamoja na ngoma ya hula mbele ya wageni, hadi kwenye sherehe za kutimiza kwake miaka 50, mwaka 1886. Kalākaua alikufa 1891. Mwaka 1893 dada yake Liliʻuokalani akapinduliwa, na mwaka 1898 Marekani ikaitwaa nchi. Ukulele ikabaki.

Sasa tufike kwenye bei, maana hapo ndipo Shangazi ananingoja.

Mwaka 1915 palikuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa San Francisco, na banda la Hawaii lilikuwa na wanamuziki. Wamarekani wakapagawa. Kila mtu akataka ukulele, na viwanda vya bara vikaanza kuzitoa kwa wingi, nyingine hafifu mno, zikiandikwa Hawaii ilhali hazijawahi kuiona bahari. Mafundi wa visiwani wakalalamika. Wakatafuta alama yao ya kuonyesha kuwa hii imetengenezwa Hawaii kweli, wakachagua neno TABU, maana yake mwiko, likapigwa muhuri kwenye ala. Sisi tuliokulia Tanga tunalijua jambo hili, kuanzia betri mpaka dawa: penye kitu kizuri, bandia haikawii.

Wakati huohuo, mwaka 1916, kampuni ya gitaa ya Martin, iliyoko Nazareth, Pennsylvania (ni kama saa 3 kwa gari kutoka hapa), ilianza kuuza ukulele nzuri za mti wa mahogani. Zilikuwa za daraja tatu: ya 1 kwa dola 10, ya 2 kwa dola 15, ya 3 kwa dola 25. Na hapa, ndugu zangu, ndipo nilipoiacha chai ikapoa. Kwa maana mti ulikuwa uleule, umbo lilelile, na mafundi walewale. Tofauti kubwa kati ya ile ya dola 10 na ile ya dola 25 ilikuwa urembo: ukingo mweupe, mistari, vidoti vya shingoni. Aliyelipa dola 25 alilipia sauti ya dola 10 na mapambo ya dola 15.

Nikachukua kikokotoo. Kwa takwimu za serikali ya hapa za kupanda kwa bei, dola 10 za mwaka 1916 ni karibu dola 300 za leo. Dola 25 ni zaidi ya 700. Halafu nikaangalia madukani leo: ukulele isiyo na madoido, ya mti halisi, iliyotengenezwa vizuri, inauzwa kiasi gani? Kama dola 300. Miaka zaidi ya 100 imepita, vita viwili vya dunia, na bei ya uzuri usio na mapambo iko palepale!

Kwa upande wa chini ni hivyohivyo. Baada ya vita alikuwepo fundi mmoja mzaliwa wa Italia, Mario Maccaferri, aliyekuwa bingwa wa gitaa na baadaye akaingia kwenye plastiki. Mwaka 1949 alitoa ukulele ya plastiki iitwayo Islander, ikauzwa dola 5.95. Ziliuzwa mamilioni. Msicheke, zilikuwa na sauti nzuri na zilishika tyuni, kwa sababu mtu aliyezibuni alijua ala. Dola 5.95 za wakati ule ni kama dola 80 za leo, na leo hii ukulele ya kuanzia isiyo toi inauzwa hukohuko, dola 70 au 80. Chini ya hapo unanunua pambo la ukutani: vile vichuma vya shingoni havikukaa mahali pake, ukilinganisha nyuzi huku, kule zinapotoka. Ningemnunulia Baba ile ya dola 30, angepiga mara moja, akadhani masikio yake nayo yamezeeka.

Aliyezisukuma zile za plastiki alikuwa mtangazaji Arthur Godfrey, na huyu ni kama jirani yangu, kwa sababu alianza redio Baltimore mwaka 1929, kisha akafanya kazi Washington miaka ya 1930, na Laurel tuko katikati ya miji hiyo miwili. Baadaye akawa maarufu nchi nzima, na mwaka 1950 alikuwa na kipindi cha televisheni cha kufundisha ukulele. Kwa ajili ya Godfrey fundi mmoja alitengeneza ukulele kubwa zaidi, ile inayoitwa baritoni, na kampuni ya Vega ya Boston ikaziuza kwa jina lake. Shikeni hilo, maana ndilo lililoniokoa. Baritoni hupangwa nyuzi zake sawasawa na nyuzi 4 nyembamba za gitaa. Yaani mpiga gitaa haanzi upya. Akodi zote za Baba zilizoko kichwani zinakaa palepale, zimepunguzwa nyuzi 2 tu. Nilikuwa nakaribia kumnunulia ndogo ya soprano, aanze kujifunza kama mtoto akiwa na miaka 74.

Sasa ile ya dola 1,200 niliyoitaka je? Ni Kamaka. Samuel Kamaka alijifunza ufundi kwa Manuel Nunes yuleyule wa Ravenscrag, akafungua karakana yake Honolulu mwaka 1916, na mpaka leo ni ya familia. Wanatumia koa. Nilipenda habari moja kuwahusu: wamewahi kuajiri mafundi viziwi, nao waliweza kupima unene wa ubao kwa kuugusa na kuusikia ukitetemeka mikononi. Jamani! Mimi kazini nagusa kifua cha mgonjwa kila siku, najua mkono unasikia. Kwa hiyo bei ile haina udanganyifu ndani yake. Unalipia mti adimu unaoota Hawaii tu, ubao uliokwanguliwa ukawa mwembamba kiasi kwamba ukizidisha kidogo unapasuka, na ukoo wa ufundi uliotokea melini moja kwa moja. Mwenye uwezo anunue, na asionewe wivu.

Swali langu lilikuwa jingine: je, kwa Baba, pale Ngamiani?

Ubao mzima unapumua. Huku wakati wa baridi tunawasha hita, hewa ya ndani inakauka hadi midomo inapasuka, na ala za ubao mzima nazo hupasuka kama hazikuwekewa unyevu. Tanga ni kinyume chake. Ubao hunywa unyevu, kifua cha ala hutuna, na kikituna nyuzi huinuka juu ya shingo. Nyuzi zikiinuka, kidole kinahitaji nguvu zaidi kuzibonyeza. Mmeona? Ule uzuri wa dola 1,200 ungeweza kumrudishia Baba maumivu yaleyale yaliyomtoa kwenye gitaa. Mtasema Honolulu nako ni kisiwani. Kweli, lakini ala hiyo ingepita duka lenye kiyoyozi, nyumba yangu yenye hita, tumbo la ndege, ndipo ifike pwani. Safari kama hiyo inaumiza ubao kuliko kukaa mahali pamoja, na Tanga fundi wa koa nitampata wapi? Mbao za tabaka zilizogandishwa, yaani plaiwudi nzuri, sauti yake haina utamu uleule, ila hazijali sana hali ya hewa.

Kwa hiyo uamuzi ni huu, na nimeshalipa. Baritoni ya mahogani ya tabaka, isiyo na mapambo, dola 170. Nimempa fundi wa hapa dola 50 azishushe nyuzi mpaka chini kabisa zisipogongagonga, na nilijaribu mwenyewe kwa kidole kilichofungwa bandeji kama mara tatu, ndio kipimo cha kinesi nilichokipata. Mfuko mgumu wa kubebea dola 40. Seti 3 za nyuzi za akiba dola 30, maana mnajua tatizo la nyuzi huko. Jumla 290. Angalieni: ni ileile dola 10 ya mwaka 1916. Sikuipanga, imetokea.

Shangazi, kwa hiyo umeshinda kwa hesabu. Lakini naomba unisikilize mpaka mwisho. Nilipokuwa nahesabu nilijiuliza ile 1,200 niliitoa wapi kabla sijajua lolote kuhusu koa wala Kamaka. Sikuitoa kwenye bei ya ala. Niliitoa kwenye miaka. Sijarudi nyumbani miaka 4. Kila mwaka nilisema mwaka huu, halafu ikaja zamu ya ziada, ikaja karatasi ya uhamiaji, ikaja ada ya mtu. Nilitaka kitu cha bei kubwa kiasi kwamba Baba akikishika asiulize niko wapi. Nesi anayewahimiza ndugu za wagonjwa waje wakae kitandani, wasitume maua tu, ndiye mimi!

Wale maseremala watatu walifia Hawaii. Santo mwaka 1905, Dias 1915, Nunes 1922. Ukulele zao za zamani leo hutafutwa na wakusanyaji kwa maelfu ya dola. Kama kuna mzee kule Madeira aliyekuwa akiwasubiri, hakuna bei iliyomfikia.

Wewe unayemsomea Baba kwenye simu, aya inayofuata iruke, tafadhali. Mwambie tu picha imegoma kufunguka.

Dola 910 zilizobaki nimeziongezea za zamu za wiki hizi 3, na ndiyo maana nilikuwa kimya. Nimekata tiketi. Natoka Dulles Desemba, na ile baritoni nitaipakata mwenyewe ndani ya ndege, haipiti kwenye mizigo. Ada za Januari ziko palepale, msiwe na wasiwasi, na habari ya paa tutaongea tukiwa chini yake. Kaka, nitahitaji mtu wa kunipokea stendi. Shangazi, wewe utakaa karibu naye siku hiyo, uniambie mwenyewe kama kigitaa cha nyuzi nne kilistahili laki saba.

Unayesoma, endelea hapa. Baba, shikamoo. Nimefanya ulivyosema, nimenunua kadogo, ka kujaribia. Kucha za mkono wa kulia usizikate.